Maoni ya Watu Kuhusu Albamu ya Mume Wangu

Mume wangu anapiga gitaa la solo katika bendi yenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu, na ndoa yetu ina mtoto aliyekwisha kuoa. Ni bendi ya dansi, lakini si dansi la mjini. Tangu mwanzo walichanganya magitaa na ngoma za kwetu Rufiji, wakaimba habari za mpunga, nguruwe pori, wakwe wakali na barabara isiyopitika masika. Watu wa Dar es Salaam wakawacheka, wakaliita dansi la shamba, nao wakalichukua jina hilo kwa furaha. Wana wimbo mmoja wa zamani, wa bwana harusi aliyefukuzwa ukweni kwa ulafi, ambao hata mtoto wa darasa la kwanza hapa Kibiti anaujua mpaka kiitikio.

Basi, baada ya miaka mingi ya kupiga wimbo huo huo kwenye kila shughuli, waliingia studio wakatoa albamu mpya. Nyimbo nane, za taratibu. Tarumbeta hakuna, kwa sababu mpiga tarumbeta wao alifariki na wenzake wakakataa kumtafutia mbadala. Ni magitaa mawili, besi, ngoma, na sauti ya mkuu wa bendi, ambayo siku hizi ina mikwaruzo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stendi ya Kibiti, mahali ambapo kila anayesubiri gari, anayesubiri mtu, na asiyesubiri chochote, huja kukaa. Siku albamu ilipotoka, mume wangu alikuja na spika ndogo na flashi, akaviweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Wewe shona tu," aliniambia. "Iache ipige. Jioni unieleze watu wanasemaje."

"Kwa nini usikae mwenyewe ukawasikia?"

"Nikikaa mimi watanisifu. Mie nataka ukweli."

Hakutaka ukweli. Zilinitosha siku mbili kulijua hilo.

Wa kwanza kutoa maoni alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hununua gazeti dukani kisha hulisomea kwangu. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, akakunja gazeti.

"Tarumbeta iko wapi?"

"Shikamoo, mwalimu. Mwenyewe si amefariki?"

"Marahaba. Najua amefariki, mimi nilikuwa makaburini. Nauliza tarumbeta iko wapi." Akatikisa kichwa. "Bendi iliisha siku ile. Hawa waliobaki ni watu wenye magitaa tu."

Nikadhani hatarudi tena. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila siku baada ya hapo. Anakaa, anasikiliza nyimbo zote nane, anaziponda moja baada ya nyingine, na nikizima spika ili masikio yangu yapumzike, ananiuliza kwa nini nimezima.

Wa pili alikuwa mama lishe mwenye banda upande wa pili wa njia. Yeye alipenda wimbo wa pili peke yake, kwa kuwa ulikuwa na mwendo wa kukunia nazi. Ukiisha, wa tatu ukianza, anavuka njia na mikono yake yenye tui, anabonyeza spika kuurudisha wa pili. Spika ikawa inanata. Kuna asubuhi niliusikia wimbo wa pili mpaka nikaanza kukosea mishono, nikapachika mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto.

"Hebu iache iendelee walau mara moja," nilimwomba.

"Shoga yangu, hizo nyingine zinanifukuzia wateja. Mtu akisikia huzuni hali wali. Anakunywa chai, anaondoka."

Halafu kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki yake mbele yangu. "Mama, wazee wamezingua," alisema. "Hii haibambi kabisa. Unasikiliza dakika nne nzima hakuna kilichotokea."

"Na wewe umesikiliza dakika ngapi?"

"Moja."

Hata delta, kule mto unakomwagikia baharini, ilituma maoni. Mteja wangu mmoja wa Maparoni alikuja kuchukua kanzu, akaomba arushiwe albamu yote kwenye simu. Nilifurahi mno siku ile, nikasema huyu angalau ataisikiliza kwa utulivu. Baada ya wiki mbili nilimwona tena stendi, nikamuuliza.

"Nyimbo nzuri, dada yangu, ila mashine ya boti inazimeza," alisema. "Toka Nyamisati mpaka kwetu nilisikia ngoma tu. Waambie waimbe kwa nguvu kidogo."

Sasa jioni. Mume wangu anarudi, ananawa, anakaa kwenye mkeka, na kabla hata sijafunua chakula: "Wamesemaje leo?"

Nikimweleza, anauliza, "Nani kasema?" Nikimtaja, anasema huyo hajui muziki. Mwalimu hajui muziki, anajua chaki. Mama lishe anajua nazi. Bodaboda hana masikio, ana upepo. Halafu hali. Nikimpunguzia maneno ili ale, ananitazama: "Usinifiche." Nikimwambia hakuna aliyesema chochote, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana anakaa kimya mpaka isha. Siku moja nikachoka, nikamwambia abandike karatasi ukutani pale kibarazani, kila mtu aandike lake, asome mwenyewe. Nilisema kwa hasira. Yeye akafikiri kidogo, akaniuliza ninadhani karatasi ya ukubwa gani itafaa.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni wimbo wa tano.

Wimbo wa tano ni wa mafuriko. Zamani tuliishi bondeni, chini ya Chumbi, tukilima mpunga kama watu wote wa kule. Mwaka ule maji yalipanda siku baada ya siku, watu wakahamisha watoto na kuku juu, wakawa wanarudi kuchukua vyombo kidogo kidogo. Katika wimbo, mwanamke anakumbuka cherehani yake, anarudi ndani, maji yanamfika kifuani. Mumewe anajitosa, anamshika mkono, anaibeba cherehani begani, anawatoa wote wawili mpaka kwenye nchi kavu. Wimbo mzuri, siwezi kusema uongo. Gitaa linapoingia baada ya neno "kifuani", hata mimi niliyelisikia likifanyiwa mazoezi chumbani kwangu nasimamisha sindano.

Cherehani yenyewe ndiyo hii ninayoikanyaga pale kibarazani. Hakuna aliyejua.

"Hivi huyu mwanamke ana akili timamu?" bodaboda aliuliza siku moja, pikipiki ameizima kabisa. Wimbo huo ndio pekee uliomfikisha dakika ya pili. "Maji yanakuja, wewe unarudia cherehani?"

"Angekufa," mama lishe alisema. "Halafu watoto walelewe na nani? Mimi mwanamke wa hivyo simwonei huruma."

"Hamuelewi," mwalimu alisema, ameinua kidole. "Cherehani hapo si cherehani. Ni mfano. Cherehani ni utu wetu."

"Utu gani mzito hivyo, mwalimu?"

Mimi nakanyaga. Chuma chenyewe kiko kati ya magoti yangu, kutu ya maji yale bado iko kwenye mguu wa kushoto. Mama lishe akanigeukia. "Ati fundi, wewe ungerudi?"

"Mie nina sare za shule za kumaliza," nilisema.

Kuitwa mjinga hakukuniuma sana. Nilikwisha kujiita hivyo mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu hakuwepo. Wiki ile alikuwa Dar es Salaam na bendi, wanapiga wimbo wa ulafi kwenye harusi ya watu. Aliyenikuta ndani ya nyumba, nimeikumbatia cherehani na siwezi kuisogeza, alikuwa jirani yangu, mwanamke mwenzangu. Yeye alikuwa anapita nje, kichwani ana gunia la mbegu za mpunga, mpunga wa kienyeji aliorithi kwa mama yake, ambao hakuna mwingine pale kijijini aliyekuwa nao tena. Alichungulia mlangoni, akaniona. Aliliachia gunia, likaenda na maji, akaja akashika miguu ya cherehani, mimi nikashika kichwa chake. Tulitembea hivyo mpaka mlimani, tukaiweka chini, tukakaa. Hajawahi kunisimanga, hata siku moja. Baadaye sisi tukahamia Kibiti, yeye akajenga huko huko Chumbi, juu, mbali na maji.

Nilipousikia wimbo mara ya kwanza, kabla haujarekodiwa, nilimuuliza mume wangu, "Jirani yuko wapi?"

"Nimejaribu kumweka, hakai," alisema. "Mistari inazidi. Wimbo unataka mume na mke."

"Lakini wewe hukuwepo."

"Yule kwenye wimbo si mimi. Ni mwanamume yeyote."

"Mwanamume yeyote naye hakuwepo."

Akacheka. Nikacheka na mimi, nikaenda kuanika nguo. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na silikwepi. Niliuacha wimbo upite.

Mwezi wa tatu baada ya albamu kutoka, bendi ilialikwa Chumbi kwenye shughuli ya kumtoa mwali. Nilikwenda nao kwa sababu magauni ya mwali nilishona mimi, na gauni la tatu lilitaka kumalizikia mwilini. Ilikuwa alasiri, jua limeanza kulegea, maturubai yamefungwa, wanawake wamejaa kwenye mikeka na wanaume wamesimama pembeni. Bendi haijamaliza hata kufunga nyaya, watu wameanza: "Ulafi! Ulafi!"

Mkuu wa bendi ni mtu mbishi. "Kwanza mpya," alisema kwenye maiki.

Wimbo wa kwanza, wanawake waliokuwa wamesimama wakakaa. Wa pili, wachache wakanyanyuka, nikajua mama lishe hakuwa peke yake duniani. Wa tatu, mzee mmoja alitembea mpaka mbele, akamwonyesha mkuu wa bendi ishara ya kufupisha. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mwali na pini mkononi, natamani ardhi ipasuke. Watu wazima wamekaa studio, wamepasua vichwa, na mtu anawaonyesha vidole kama anakata nyama.

Kisha wakaruka wa nne, wakaanza wa tano, na uwanja ukanyamaza. Wengi wa waliokuwa pale walipita ndani ya maji yale yale. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wanaisikiliza albamu ile midomo imefungwa. Nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa kwenye gitaa, nikasema moyoni, haya, leo kapata.

Wimbo ulipofika mahali ambapo mume anajitosa majini, mwanamke mmoja alisimama katikati ya mikeka, akanyoosha mkono kama mtu aliye mkutanoni. Ni jirani yangu. Sikujua kama amekuja. Mkuu wa bendi akaendelea kuimba. Yeye akavuka miguu ya watu mpaka mbele, akaishika maiki.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, bila kupaza sauti, lakini maiki ilikuwa wazi na kila mtu alisikia. "Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Mume wangu aliacha kupiga. Ngoma ikaendelea kidogo, nayo ikaacha.

"Dar es Salaam," alisema.

Watu waliangua kicheko. Jirani yangu hakucheka. "Na cherehani alishika nani?"

Mume wangu akanitazama. Uwanja mzima ukageuka kufuata macho yake, na mimi bado nimepiga magoti na pindo la watu mkononi.

"Sema wewe, mwenzangu," jirani yangu aliniambia.

"Mimi nilishika juu," nilisema. "Yeye alishika miguu."

"Na gunia langu?"

"Uliliachia."

"Lilikuwa na nini?"

"Mbegu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea alichokifuata. "Basi. Endeleeni." Akarudi akaketi kwenye mkeka wake, akapanga kanga vizuri.

Hakuna mwanamuziki anayeweza kuendelea baada ya hapo. Mkuu wa bendi, ambaye amekaa jukwaani miaka yote hiyo na anajua pa kukimbilia, alihesabu mpaka nne wakaingia kwenye ulafi. Uwanja ukalipuka. Vigelegele, vumbi, mzee wa vidole yuko mbele kabisa anazungusha kiuno. Mimi pindo bado liko mkononi na watu wamekwisha kusahau. Nilikasirika nao wote, mmoja mmoja.

Wakati wa pilau nilikwenda kukaa karibu na jirani yangu. Tulikula sahani moja.

"Umekasirika?" nilimuuliza.

"Nimekasirika na wewe, si na yeye. Yeye ni mwanamume na gitaa lake. Wewe ulikuwa unausikia kila siku."

Nilitenga nyama upande wake, akairudisha upande wangu.

"Mjukuu wangu aliniwekea kwenye simu," aliendelea. "Akaniambia, bibi, wimbo wa mafuriko yenu huu hapa. Nikaketi kusikiliza. Ukaisha. Nikamwambia arudishe, labda nimepitwa. Akarudisha mara tatu."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani mwangu, hayo ya mara tatu bado yananiamsha.

Njiani kurudi Kibiti, bendi imelala ndani ya gari, mume wangu hakuniuliza watu wamesemaje. Tulipopita Ikwiriri ndipo alipofungua mdomo.

"Na wewe je? Unasemaje?"

Miezi mitatu alikuwa amenifanya mjumbe wa midomo ya watu, na swali hilo hakuwahi kuniuliza. Ndipo nikamtolea yote. Nilimwambia wimbo wa tatu ni mrefu na yule mzee alikuwa na haki. Wa sita na wa saba ni wimbo mmoja uliovaa nguo mbili. Sauti ya mkuu wa bendi ishushwe kidogo, hakuna aibu, hata mimi siimbi tena kama nilivyoimba nikiwa mwali. Wimbo wa kwanza ndio bora kuliko zote walizowahi kupiga, tarumbeta au bila tarumbeta, na sijawahi kumwambia kwa sababu sijaachiwa na mtu yeyote niusikilize mpaka mwisho. Na wa tano ni uongo, na uongo huo tumeusema wawili, yeye kwa kuimba na mimi kwa kunyamaza.

Nilingoja aseme sijui muziki, najua sindano. Hakusema. Aliuliza, "Hizo mbegu, zilikuwa na rangi gani?"

"Nyekundu."

Wiki kadhaa zilizofuata nilikosa usingizi. Anakaa chumbani anaukata wimbo ule na kuuunganisha. Jirani hakai, mume hakai, gunia halikai. Mwishowe aliona hakuna njia ila kumtoa mume. Akamtoa. Sasa kuna wanawake wawili, cherehani, gunia linaelea, na basi. Alipanda gari peke yake mchana mmoja akaenda Chumbi na gitaa, akamwimbia jirani yangu uani kwake wakati anapepeta. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Gunia halikuwa begani," alimwambia. "Lilikuwa kichwani."

Mume wangu alirudi nyumbani anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Katika watu wote, alisema, huyu ndiye aliyesikiliza. Nilitaka kumuuliza na mimi je, niliyesikiliza kila siku kwa ajili yake, lakini nikaona anakula, nikamwacha ale.

Wakaupiga wimbo ulivyo sasa kwenye shughuli mbili, moja Mahege, moja hapa hapa Kibiti. Mtu akaurekodi kwa simu, ukaanza kuzunguka, na siku ya tatu ukafika kibarazani kwangu. Siku hiyo mume wangu aliamua kuja kukaa mwenyewe, amevaa shati nililomshonea, ameleta na kiti.

"Mmeuharibu," mwalimu alisema, gazeti limekunjwa. "Wa kwenye albamu ndio sahihi. Kule cherehani ilikuwa na maana. Hapa ni cherehani tu."

"Mimi gunia limenipa huruma," mama lishe alisema. "Ila bado ni wa taratibu."

"Ngoja kwanza," bodaboda aliingilia. "Huyu dada ana mume au hana? Maana kule alikuwa naye. Mwanaume gani anamwacha mkewe kwenye maji, mpaka abebewe vitu na jirani?"

Mume wangu alikohoa. "Alikuwa kazini," alisema.

"Kazi gani hiyo, mzee wangu, mafuriko yamejaa mpaka ndani?"

Akanigeukia nimsaidie. Mimi nilikuwa na pini nne mdomoni na kola ya mtu mkononi, nikaendelea kukanyaga.